Init (programu ya kuanzisha mfumo)

Init ni programu ya kwanza inayoendeshwa na kiini cha mfumo wa uendeshaji wa aina ya Unix, kama vile Linux, mara baada ya kompyuta kuwashwa. Ndiyo inayoamsha programu nyingine zote: ile inayounganisha kompyuta na mtandao, ile inayotunza saa, hifadhidata, seva ya tovuti, hata ukurasa unaomtaka mtumiaji aandike jina na nywila yake. Huendelea kufanya kazi hadi kompyuta izimwe. Ikifa kabla ya hapo, mfumo mzima husimama.

Kwa muda mrefu kompyuta nyingi za Linux zilitumia init ya namna moja, iliyofuata mtindo wa Unix System V ya mwaka 1983. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 watengenezaji wa programu walianza kubishana: je, programu hiyo kongwe irekebishwe, au iondolewe na kuwekwa nyingine? Mabishano yalifikia kilele mwaka 2014 katika mradi wa Debian. Leo mikusanyo mingi mikubwa ya Linux (yaani kiini cha Linux kilichofungwa pamoja na programu nyingine) hutumia programu mpya inayoitwa systemd, lakini si yote, na hoja za pande zote mbili bado zina uzito.

Mahali pa init katika kuwaka kwa kompyuta

Kitufe cha kuwashia kikibonyezwa, kompyuta haianzi moja kwa moja na mfumo wa uendeshaji. Kwanza hufanya kazi programu ndogo iliyomo katika chipu ya ubao mkuu, zamani BIOS na siku hizi UEFI, ambayo hukagua kumbukumbu na vifaa. Hiyo hukabidhi kazi kwa programu ya kupakia, kwa kawaida GRUB katika kompyuta za Linux, ambayo hutafuta kiini cha mfumo kwenye diski na kukiingiza katika kumbukumbu. Kiini hutambua vifaa, kisha huanzisha mchakato mmoja na kuupa namba 1. Huo ndio init.

Michakato mingine ya kawaida inayofuata ni watoto, wajukuu au vitukuu vya mchakato namba 1. Mchakato ukifiwa na mzazi wake, init huuchukua kama yatima. Lugha hii ya ukoo si mapambo. Ndiyo inayotumika katika vitabu vya Unix.

Init ya System V

Unix ilianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao katika maabara za Bell nchini Marekani, na init ilikuwamo tangu matoleo yake ya mwanzo. System V, iliyotolewa na kampuni ya AT&T mwaka 1983, ilieneza utaratibu wa ngazi za uendeshaji. Ngazi 0 ni ya kuzima kompyuta, ngazi 1 ni ya fundi anayefanya matengenezo peke yake, ngazi 6 ni ya kuzima na kuwasha upya, na zilizo katikati ni za kazi za kawaida. Kila ngazi ina folda yake. Ndani ya folda kuna skripti, yaani mafaili ya maandishi yenye amri, moja kwa kila huduma. Jina la skripti huanza na herufi S kama huduma ianzishwe, au K kama isimamishwe, likifuatwa na namba ya tarakimu mbili. S20 hutangulia S30. Orodha husomwa na skripti kuendeshwa moja baada ya nyingine hadi mwisho.

Linus Torvalds alipotoa kiini cha Linux mwaka 1991, Mholanzi Miquel van Smoorenburg aliandika init ya mtindo huo kwa ajili yake, nayo ikaitwa sysvinit. Uzuri wake mkubwa ni wepesi wa kueleweka. Mwanafunzi anayejua amri chache anaweza kufungua skripti yoyote, akaisoma kutoka juu hadi chini, na kuona kompyuta yake inafanya nini na kwa mpangilio gani. Ni programu chache zinazojieleza hivyo, na katika kufundishia hasara ya kuzipoteza si ndogo.

Udhaifu wake ulikuwa katika zile namba. Aliyezipanga ni binadamu, kwa kukisia nini kitangulie nini. Akiongeza huduma mpya, anapaswa kutafuta nafasi kati ya namba zilizokwisha kutumika. Tena namba inasema tu nani aanze kwanza. Haisemi kama aliyetangulia amekwisha kuwa tayari.

Mfano wa seva katika Bonde la Kilombero

Tofauti kati ya kuanza na kuwa tayari inaonekana vizuri zaidi mahali ambapo umeme hukatika. Tangu mwaka 1996 kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho sasa ni Taasisi ya Afya Ifakara, kimekuwa kikifuatilia kaya za vijiji vya wilaya za Kilombero na Ulanga: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani amehama. Vituo vya namna hii viko katika nchi nyingi za Afrika. Kwa ajili yao ilitengenezwa programu huria ya OpenHDS, iliyotumika kwa mfano katika kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, ambako wahojaji walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi na taarifa zao zikakusanywa katika seva. OpenHDS imejengwa juu ya hifadhidata ya MySQL na seva ya programu iitwayo Tomcat. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na Wizara ya Afya ya Tanzania, una umbo hilohilo: hifadhidata chini, Tomcat juu yake. Katika mifumo yote miwili, sehemu ya juu haiwezi kufanya kazi kabla ya ile ya chini.

Chukulia sasa seva ya aina hiyo ikiwa mjini Ifakara. Bonde la Kilombero limepakana na mitambo ya kufua umeme wa maji ya Kidatu, yenye megawati 204, na Kihansi, yenye megawati 180. Lakini ukaribu na mtambo haumwepushi mtu na nguzo iliyoangushwa na mvua ya masika. Umeme unakatika usiku, betri ya akiba inaisha, seva inazimika ghafla. Saa kumi alfajiri umeme unarudi na seva inawaka yenyewe, fundi akiwa amelala nyumbani.

Hifadhidata iliyozimika ghafla haianzi kazi papo hapo. Kwanza hujikagua na kusawazisha miamala iliyokatika katikati, jambo linaloweza kuchukua sekunde chache au dakika kadhaa kulingana na wingi wa kazi iliyokuwapo. Chini ya utaratibu wa namba, skripti yake hungoja kwa muda, hukata tamaa, na skripti inayofuata hupewa zamu. Tomcat inagonga mlango wa hifadhidata, haipati jibu, na mfumo wa takwimu unashindwa kupanda. Dakika tatu baadaye hifadhidata iko salama kabisa, ila hakuna wa kuijulisha Tomcat. Saa mbili asubuhi wahojaji wanapotaka kutuma fomu zao, ukurasa haufunguki. Inabidi mtu aje auanzishe kwa mkono.

Kosa la saa ni baya zaidi, kwa kuwa halionekani mara moja. Ubao mkuu una betri ndogo inayotunza tarehe. Ikichakaa, kompyuta ikizimwa husahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma, hadi iisahihishe kupitia mtandao. Kama programu ya kupokea fomu itaanza kabla ya saa kusahihishwa, kila fomu itapigwa muhuri wa tarehe ya uongo. Katika daftari la vizazi na vifo, mtoto ataonekana ameandikishwa kabla mama yake hajazaliwa. Siku moja ya fomu kama hizo inaweza kuwagharimu watunza takwimu wiki nzima ya kurejea vijijini.

Njia ya kurekebisha

Waliotaka kurekebisha hawakuwa watu wa kung'ang'ania mazoea. Walikuwa na kazi ya kuonyesha. Desemba 2000 mfumo wa NetBSD, toleo la 1.5, ulitoka na utaratibu ambao kila skripti hutaja juu kabisa inatoa huduma gani na inahitaji huduma zipi. Programu ndogo iitwayo rcorder husoma maelezo hayo na kupanga foleni yenyewe. Namba za kukisia zikaisha, init yenyewe isiguswe, na skripti zikabaki maandishi yanayosomeka. FreeBSD ilichukua utaratibu huo katika toleo la 5.0 la mwaka 2003 na inautumia hadi leo. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya upande wa marekebisho.

Katika Linux, Debian ilipita njia iyo hiyo. Kwa kazi iliyosukumwa hasa na Petter Reinholdtsen wa Norwe, ambaye pia ni mmoja wa watu wa Skolelinux, mkusanyo wa Linux kwa ajili ya shule, toleo la Debian 6.0 la Februari 2011 lilipanga skripti kwa mahitaji badala ya namba, na huduma zisizotegemeana zikaweza kuanza kwa pamoja. Mkusanyo wa Gentoo ulitengeneza OpenRC, inayofanya kazi ya namna hiyo. Alpine Linux, mkusanyo mdogo unaopendwa kwa wepesi wake, hutumia OpenRC.

Hata tatizo la saa lilipata dawa nyepesi. Kwa vikompyuta kama Raspberry Pi, ambavyo kwa miaka mingi vilitengenezwa bila betri ya saa, kuna skripti ya fake-hwclock inayoandika saa katika faili wakati wa kuzima, na mara kwa mara kati ya hapo, kisha kuisoma wakati wa kuwasha. Saa itakuwa nyuma kidogo, lakini haitarudi miaka. Dawa kama hiyo haikuhitaji init mpya.

Yaliyobaki ndiyo magumu. Foleni iliyopangwa vizuri bado ni foleni ya kuanza, si ya kuwa tayari. Tena init ya zamani haikujua kwa hakika mchakato upi ni wa huduma ipi: huduma nyingi hujigawa na kuacha watoto wanaochukuliwa kama yatima. Skripti ziliandika namba ya mchakato katika faili ili kuukumbuka. Mchakato ukifa na namba yake ikapewa mwingine, amri ya kusimamisha huduma ingeweza kumwangukia asiyehusika.

Njia ya kubadilisha

Mwaka 2005 Solaris 10 na Mac OS X 10.4 zilitoka na programu mpya kabisa za kuanzisha mfumo. Ile ya Apple inaitwa launchd. Oktoba 2006 Ubuntu 6.10 ilileta Upstart, iliyoandikwa na Scott James Remnant wa kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. (Neno ubuntu la Kizulu na Kixhosa ni ndugu wa neno utu la Kiswahili.) Upstart iliacha foleni na kufuata matukio: mtandao umepatikana, diski imechomekwa, huduma fulani imesimama. Sababu yake ilikuwa ya kweli. System V ilibuniwa wakati ambapo vifaa vyote vya kompyuta vilikuwapo tangu inawashwa. Kompyuta mpakato yenye diski mweko inayochomekwa na kuchomolewa na mtandao unaopatikana na kupotea haiendi kwa orodha isiyobadilika.

Tarehe 30 Aprili 2010 Lennart Poettering, mhandisi wa Red Hat, alichapisha maelezo marefu ya programu nyingine aliyoiandaa pamoja na Kay Sievers: systemd. Badala ya skripti, kila huduma hupewa faili fupi la maelezo linalotaja programu ya kuendesha, itanguliwe na nini, na ifanywe nini ikianguka. Kazi ya kujua namna ya kuyatekeleza ni ya systemd. Hutumia uwezo wa kiini cha Linux wa kuweka michakato katika vikundi, hivyo watoto wote wa huduma hujulikana ni wa nani hata mzazi akifa. Huduma iliyoandikwa kwa ajili hiyo inaweza kuitumia systemd ujumbe kwamba sasa iko tayari, na hapo ndipo inayofuata huanzishwa. Aidha systemd inaweza kushika yenyewe mlango wa huduma, ikapokea maombi ya wateja na kuyaweka kando hadi huduma iamke.

Katika mfano wa Ifakara, maana yake ni kwamba Tomcat itangoja hadi hifadhidata iseme iko tayari, na kama mfumo umeanguka, utainuliwa tena baada ya sekunde chache bila fundi. Hata hivyo hayo hayaji yenyewe. Faili la maelezo lisipotaja kwamba huduma iinuliwe ikianguka, haitainuliwa. Na kuandika tu kwamba Tomcat ifuate hifadhidata hakusaidii kama hifadhidata haijafundishwa kutangaza utayari wake. Mafundi wengi waliohama kutoka sysvinit walihamisha na makosa yao.

Kura ya Debian

Fedora 15 ilianza kutumia systemd Mei 2011, na mikusanyo mingine ikafuata. Debian ilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu huendeshwa na watu wa kujitolea, haina kampuni nyuma yake, na Ubuntu pamoja na mikusanyo mingine mingi hujengwa juu yake. Uamuzi wake ungegusa hata mtu asiyewahi kusikia jina lake.

Suala lilipelekwa mwishoni mwa mwaka 2013 kwa Kamati ya Ufundi ya mradi, yenye wajumbe wanane. Mezani kulikuwa na mapendekezo manne: kubaki na sysvinit, OpenRC, Upstart, au systemd. Tarehe 11 Februari 2014 kura zilifungana, nne kwa nne, kati ya Upstart na systemd. Yafaa kuangalia kwamba si sysvinit wala OpenRC iliyofika hapo: kamati nzima ilikuwa imekwisha kukubali kwamba kurekebisha hakutoshi, na ubishi uliobaki ulikuwa wa mrithi. Mwenyekiti, Bdale Garbee, alitumia kura yake ya turufu kuchagua systemd. Siku tatu baadaye Shuttleworth alitangaza kwamba Ubuntu nayo itaacha Upstart yake na kufuata Debian.

Kilichoumiza zaidi kilikuja baadaye. Mazingira ya kompyuta ya GNOME yalikuwa yameanza kutegemea sehemu ya systemd inayosimamia watumiaji walioingia, kwa hiyo aliyetaka dirisha na vitufe vya kawaida alivutwa kuelekea systemd hata kama init yake haikuwa na tatizo. Mjumbe wa kamati, Ian Jackson, alipendekeza kura ya wanachama wote ili programu zisilazimishe init moja. Novemba 2014 wanachama waliamua kwamba hapakuwa na haja ya azimio lolote. Mwezi huohuo wajumbe kadhaa wa kamati walijiuzulu, akiwamo Jackson mwenyewe, na Joey Hess, mmoja wa wajenzi wa siku nyingi wa Debian, aliondoka katika mradi. Kundi jingine lilitangaza kujitenga na kuanzisha Devuan, Debian isiyo na systemd, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2017.

Lawama dhidi ya systemd

Lawama ya kwanza ni ukubwa. Programu iliyoanza kama init imeongezewa usimamizi wa kumbukumbu za matukio, wa saa, wa mtandao, wa majina ya tovuti na mengine. Watetezi hujibu kwamba hizo ni programu tofauti ndani ya mradi mmoja, na nyingi zinaweza kuachwa. Jibu hilo ni kweli, lakini halifuti ukweli kwamba sehemu zake zimefungamana, na kwamba anayetaka moja hujikuta amechukua tatu.

Lawama ya pili inahusu kumbukumbu za matukio. Zamani ziliandikwa kwa maandishi ya kawaida; systemd huziweka katika muundo wake, unaosomwa kwa amri maalumu. Hurahisisha utafutaji katika seva yenye huduma nyingi. Lakini umeme ukikatika ghafla, faili la muundo huo linaweza kuharibika sehemu, ilhali faili la maandishi husomeka hadi mstari wa mwisho uliowahi kuandikwa, kwenye kompyuta yoyote. Pale ambapo kukatika kwa umeme ndiyo ajali ya kawaida, mafundi wengi huacha programu ya zamani ya kumbukumbu ifanye kazi sambamba, na mpangilio huo unaruhusiwa.

Tarehe 29 Machi 2024 lawama ya ukubwa ilipata mfano. Andres Freund aligundua kwamba maktaba ya kubana mafaili iitwayo xz ilikuwa imetiwa mlango wa siri na mtu aliyejipenyeza katika mradi huo. Lengo lilikuwa OpenSSH, programu ya kuingia katika seva kutoka mbali, ambayo kwa asili haitumii xz kabisa. Daraja lilipatikana kwa sababu mikusanyo kama Debian na Fedora ilikuwa imeiongezea OpenSSH uwezo wa kuiambia systemd kwamba iko tayari, kwa kutumia maktaba ya systemd, nayo iliivuta xz. Hila iligunduliwa kabla ya kuenea katika matoleo imara. Baadaye OpenSSH iliandika yenyewe mistari michache ya kutuma ujumbe huo, bila maktaba yoyote, na systemd ikapunguza maktaba inazovuta bila sababu.

Hali ya sasa

Red Hat Enterprise Linux, SUSE, Fedora, Ubuntu, Debian na Arch hutumia systemd. Alpine hubaki na OpenRC, Void hutumia runit, Slackware huendelea na skripti za mtindo wa BSD, na Devuan humpa mtumiaji nafasi ya kuchagua. Upstart, iliyoachwa na wenyewe, iliendelea kuishi katika ChromeOS.

Debian ilipiga kura tena Desemba 2019. Wanachama walichagua kuendelea na systemd huku wakiunga mkono wanaojaribu njia nyingine. Sysvinit ingali katika ghala la programu za Debian, na anayeitaka anaweza kuiweka. Ila watunzaji wa huduma hawalazimiki tena kuiandikia skripti, kwa hiyo huduma nyingine atalazimika kuiandikia mwenyewe.